Aliyekula Chumvi Nyingi

Vinyama viliota puani kama kichala cha zabibu.
Daktari alinionyesha kwenye picha, akatabasamu:
"Mama, hapa hata upepo unaomba ruhusa."
Miaka miwili sijui mvua inanukaje ikigusa vumbi la Magomeni,
miaka miwili wali ni joto, chapati ni ulaini,
embe ni nyuzi zinazokwama menoni.
Ulimi ulibakiwa na mambo ya jumla:
tamu, chachu, chungu, chumvi.
Majina ya ukoo, bila majina ya watu.

Nikapika kwa kumbukumbu.
Kitunguu kikilia kwa sauti hii, tia nyanya.
Tui likitoa mafuta ukingoni, epua.
Na chumvi, chumvi ndiyo pekee iliyoitika nikiita,
basi nikaiita sana.

Wakanipasua Jumanne, Muhimbili.
Nikaamka nimejazwa tambi za bandeji,
napumua kwa mdomo kama changu aliyetolewa majini.
Siku ya tatu muuguzi akazivuta,
ndefu, ndefu, nikadhani anavuta hadi jina langu.
Kisha dawa: maji ya chumvi puani, mara nne kwa siku.
Tena chumvi!
Na vikopo vinne vya kunusa, asubuhi na jioni:
karafuu, iliki, ganda la ndimu, kahawa.
Nikanusa wiki sita.
Ilikuwa kupiga hodi kwenye nyumba iliyohamwa,
unaisikia hodi yako mwenyewe ikizunguka vyumbani.

Haikurudi kwa karafuu.
Natoka kliniki kwa miguu, nauli nimeinunulia nyanya,
daraja la Jangwani, siku moja baada ya mvua,
watu wamejiziba pua kwa kanga, kwa kola, kwa kiganja,
nami nikasimama katikati
nikaupokea uvundo wote wa Msimbazi,
tope, maganda, kitu kilichokufa juzi,
nikalia.
Kijana wa mkokoteni akauliza, "Mama, umeibiwa?"
Nikamwambia, "Nimerudishiwa."

Jioni nikaunga maharage kwa nazi. Nikachota, nikaonja.
Kwanza nazi, polepole, kama mgeni anayevua viatu mlangoni.
Nyuma yake kitunguu. Hoho. Moshi kidogo wa mkaa.
Kisha chumvi ikaingia na viatu vyake
ikawakalia wote.
Nikatema.
Nikaonja tena, labda ni kijiko.
Si kijiko.

Nikaketi juu ya mbuzi ya kukunia, nikahesabu:
bilauri tatu za maji za Shomvi kila mlo,
nami nikidhani ni joto la karakana yake ya vyerehani;
Mwamvita aliyekuwa ameshiba kwa kina Zuwena,
kila siku, kwa kina Zuwena;
mawifi waliokuja Idi, wakausifu mkeka.
Na Shomvi, miaka miwili, akiifuta sahani kwa tonge la mwisho:
"Mikono yako isikauke."
Wanasema aliyekula chumvi nyingi ni mzee.
Mume wangu ana arobaini na minne
nami nimemfikisha mia na kitu.

Kesho yake nikapika upya,
chumvi kwa ncha za vidole, kama anayeweka siri.
Shomvi akala. Akatafuna. Akatulia.
Akaangalia bakuli, akaniangalia mimi, akaangalia ukuta.
Mkono wake ukatambaa mkekani kuelekea kikopo,
ukasita nusu ya njia, kama wa mtoto anayedokoa.
"Chumvi imekolea?"
"Imekolea," akasema, mwongo yule.
Nikamsogezea kikopo.
Akanyunyiza, akanyunyiza, bila kunitazama,
nami nikala changu taratibu,
nikiisikia nazi.